Naomba ushauri: nampeleka mama Zanzibar, bajeti laki tisa, magoti yanamsumbua

Binti wa Mpwapwa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi nipo Dodoma, mama yangu yupo Mpwapwa, ana miaka 67, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Bahari hajawahi kuikaribia. Dar kafika kwenye misiba na kwenye matibabu tu, akimaliza shughuli anageuza. Likizo yangu inaangukia katikati ya Septemba, nimeshamwambia tunakwenda Zanzibar na yeye kashatangaza kanisani, kwa hiyo hapa nilipo hakuna kughairi.

Nina laki tisa kwa watu wawili. Nauli ya SGR ya kwenda Dar na kurudi nimeiweka kando, haimo humo. Mama ana presha, dawa anameza bila kukosa, ila magoti na ngazi haviivi. Nimeangalia picha nikaipenda Nungwi. Mwenzangu kazini anasema niende Paje, ndiyo bei poa. Tukae wapi? Na boti je, kwa mtu ambaye hata mtumbwi hajapanda?

Bahili Mwenye Busara

Nungwi pazuri, sikatai. Lakini kwa laki tisa, kule ukishalipa chumba cha ufukweni na chakula cha jioni mara mbili mtabaki mnaangalia machweo kwa sababu ni bure. Fikieni mjini. Usiku mbili au tatu Mji Mkongwe, jioni Forodhani, ile bustani ya ufukweni yenye vyakula, siku moja boti ya kwenda kisiwa cha Changuu mkawaone wale kobe wakubwa waliotoka Shelisheli, mnarudi zenu. Popote utakapoulizia chumba anza na hili: "Sisi Watanzania, bei ya wakaazi ni ngapi?" Usingoje waitaje wenyewe.

Mwanamwani

Dada, mimi ni wa Jambiani, ngoja nikueleze habari ya maji maana watu wanaangalia picha tu.

Pwani yetu ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, bahari inapwa ikaenda mbali mno. Kwenye bamvu, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, saa nne asubuhi unatoka nje unakuta maji hayapo, ni mchanga, matope na majani mpaka karibu na mwamba. Huo ndio wakati wetu sisi kina mama kushuka kwenye mwani. Maji yanarudi kujaa alasiri, saa kumi hivi. Sasa mtu akimleta mzazi wake asubuhi, akamtembeza kuifuata bahari, mguu unazama, kuna mawe, kuna vile viumbe vyeusi vyenye miba. Mwenye magoti asithubutu. Mkija huku, angalieni mwezi kwanza. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, bahari haikimbii sana, na asubuhi mnayakuta maji yapo.

Nungwi na Kendwa maji yapo wakati wote, hilo ni kweli, na ndilo linalowapandishia bei.

Halafu usidharau pwani yetu kwa mzee. Wazazi wengi hawaji kuogelea. Wanataka kuingiza miguu, kukaa kivulini na kuongea na watu. Hapo Jambiani tunawaweza.

Mtoto wa Kikwajuni

Mji Mkongwe sawa, lakini hizo nyumba za kale za wageni zina ngazi za mbao zilizosimama kama za kupandia darini. Unalipia chumba kizuri, kumbe kipo ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Uliza kwa simu kabla ya kutuma hata senti: kuna chumba cha chini? Gari inafika mlangoni? Maana ndani ya vichochoro gari haiingii, na kutoka barabarani mpaka hotelini bi mkubwa atatembea juu ya mawe. Tafuteni pembezoni mwa mji, upande wa Vuga, Malindi, au huku kwetu Kikwajuni, mahali teksi inasimama mlangoni. Pana nafuu na penye watu wanaoishi.

Chakula: Forodhani ni ya kuona na kula kidogo. Bei ya kamba na pweza iulize kabla hajakuwekea kwenye sahani, mambo ya "chagua kwanza dada" yaogope. Mkitaka kushiba kwa bei ya wenyeji nendeni Lukmaan pale Mkunazini. Urojo, ule mchuzi mzito wa Kizanzibari, ni mchana, kwenye vibanda vya mitaani, na mama mwenye presha aambiwe wapunguze chumvi.

Bandarini mtapokelewa na mapapasi. Wanakupa pole ya safari, wanabeba begi, hatua tatu mbele lina bei. Mwambie mama mkoba asiuachie.

Dala dala zipo: 116 ya Nungwi, 309 ya Jambiani. Nauli ni ndogo sana ukilinganisha na teksi, ila dari ni fupi, viti vimebanana, kupanda na kushuka ni kazi. Wewe peke yako ningekwambia panda. Kwa mama, kwenda shamba, yaani nje ya mji, kodini gari siku moja tu, siku nyingine mkae mjini.

Bint Wete

Nimesoma yote. Kuna aliyemuuliza mama mwenyewe anataka kuona nini?

Bahili Mwenye Busara

Bahari, bibie. Imeandikwa hapo juu.

Bint Wete

Hiyo kaandika mwanawe.

Binti wa Mpwapwa

Nimempigia sasa hivi. Jamani.

Anasema bahari ataiona tu akiwa kwenye boti, haina haraka. Anachotaka ni kuuona mkarafuu. Kafundisha jiografia miaka yote, anawaandikia watoto ubaoni kwamba Zanzibar ni visiwa vya karafuu, na wakimuuliza mti wenyewe ukoje anawachorea kwa kuangalia kitabu. Kuna mtoto alimuuliza, "Mwalimu, ni mrefu kuliko mwembe?" akamjibu wa saizi ya kati, na mpaka leo hajui kama alidanganya. Nimecheka mpaka basi. Sasa mnashaurije?

Bahili Mwenye Busara

Rahisi kabisa. Kizimbani na Kidichi, hapo hapo Unguja, si mbali na mjini. Mkarafuu upo, mdalasini upo, iliki, pilipili manga, vanila. Mkitoka hapo kuna hamamu, yaani mabafu ya kale, ya Kidichi aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Nusu siku, mnarudi kula mchana mjini. Kuongeza kisiwa cha pili kwenye laki tisa ni kujitafutia presha nyingine.

Bint Wete

Kizimbani ataona mti mmoja, kijana anakata jani, anamnusisha, anapita mti wa pili. Ni kama kuonyeshwa sampuli. Simkatazi. Lakini mwalimu aliyefundisha karafuu maisha yake yote, aje mwezi wa tisa, asifike Pemba?

Dada, sikiliza. Karafuu nyingi za nchi hii zinatoka kwetu, na Septemba kwa kawaida msimu unakuwa umeshafungua. Ukitoka bandari ya Mkoani kwenda mji wa Chake Chake, na Chake kwenda Wete, ni vilima na mikarafuu pande zote. Wachumaji wapo juu ya matawi, na mkarafuu ni mti wa saizi ya kati, ingawa mkongwe huwa mrefu hasa, mama anaweza akalala usingizi, hakumdanganya mtu. Zinachumwa vichane vichane kabla ua halijafunguka, zikianza tu kuingia wekundu. Zikifunguka thamani imeshuka. Jioni kila nyumba watu wamekaa chini wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Asubuhi zinatandazwa juani juu ya majamvi, zinaingia kijani na wekundu, zinatoka kahawia. Kikipita kiwingu tu utaona watoto wanavyokimbia kuzikusanya. Mama akae kwenye baraza ya mtu yeyote Wete au Konde, atapewa ungo achambue. Hakuna atakayemdai kiingilio.

Yale makonyo nayo hayatupwi. Pale Wawi, karibu na Chake, kuna kiwanda cha kukamulia mafuta, wageni wanaruhusiwa kuingia kuona.

Gharama: Chake na Wete kuna nyumba za wageni za kawaida, safi, chai ya asubuhi ndani, nyingi chumba cha watu wawili hakifiki laki kwa usiku. Hakuna starehe ya ufukweni hapo, mjue. Usafiri ni dala dala: 603 kutoka Mkoani, 606 kwenda Wete, 602 kwenda Konde. Mkitaka bahari, siku moja kodini gari kutoka Wete au Konde, mpite ndani ya msitu wa Ngezi, kiingilio mnalipa getini, mtokee Vumawimbi. Mchanga mweupe na watu hakuna. Duka pia hakuna, bebeni maji na chakula. Mama ajifunge kanga yake aingie mpaka magotini, hayupo wa kumwangalia. Patana na dereva bei ikiwa na mafuta ndani na muda wa kuwasubiri, usikubali "tutaelewana".

Daktari wa Mtaani

Mimi nina wasiwasi na presha ya mama. Kisiwa cha mbali, ikitokea dharura?

Bint Wete

Pemba si jangwani, ndugu yangu. Mkoani pale boti inapofika kuna Hospitali ya Abdalla Mzee, na Chake ipo hospitali. Lako la maana ni hili: abebe dawa za siku zote na za ziada, kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye begi linalopakiwa chini.

Nahodha Mstaafu

Niongee ya bahari, hayo ya karafuu nawaachia wenyewe.

Dar mpaka Unguja boti ya kasi ni kama saa mbili. Pandeni ya asubuhi, upepo unakuwa haujaamka vizuri. Mkishuka SGR Dar, boti si mbali, bajaji inatosha, ila laleni Dar usiku mmoja. Kumtoa mzee kwenye treni moja kwa moja mpaka kwenye boti si vizuri.

Unguja mpaka Pemba ndipo penye maneno. Mkondo ule una mawimbi kuliko wa Dar. Juni mpaka Agosti kusi inapiga, hapo ningesema msimpitishe mama. Katikati ya Septemba upepo umeanza kulegea, inapitika. Boti za Pemba si nyingi kama za Dar, kwa hiyo ratiba iulizeni kwanza ndipo mpange siku za kulala, msifanye kinyume chake. Ipo ya kasi, na ipo meli kubwa inayobeba magari, hiyo inakwenda polepole ila imetulia zaidi. Kama fedha itaruhusu njia moja, rudini Unguja kwa ndege ndogo, ni nusu saa tu, na visiwa unaviona vyote chini.

Tiketi ofisini kwao, si kwa kijana wa barabarani. Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho.

Binti wa Mpwapwa

Mmenibadilishia safari yote. Nungwi nimeifuta. Nimempigia tena mama nikamsomea aliyoyaandika Bint Wete, akanyamaza, halafu akauliza kama huko Pemba wanauza pombe ovyo. Ni mlokole yule.

Bint Wete

Mwambie atufanyie sisi maombi ya mvua isinyeshe kwenye majamvi. Pombe Pemba utaitafuta sana.

Binti wa Mpwapwa

Haya, mpango ni huu, nikosoeni. Usiku mmoja Dar kwa shangazi, bure. Boti ya asubuhi, usiku mmoja Unguja, chumba cha chini, Forodhani kidogo. Kesho yake au siku yenye boti, Pemba, tukae Wete mpaka siku ya kurudi. Siku moja tu gari ya Vumawimbi, nyingine zote dala dala na miguu. Ndege ya kurudi Unguja nitaangalia kama hela itabaki.

Maswali mawili. Mama kadi ya NIDA imepotea, ana namba tu. Na kaagizwa karafuu na kwaya nzima, kilo kadhaa. Vipi?

Mtoto wa Kikwajuni

Kitambulisho chenye picha, dada. Kadi ya mpiga kura kama anayo, abebe. Asije na karatasi ya namba peke yake mkaanza kubembelezana dirishani, na hiyo kadi ya NIDA aanze kuifuatilia leo.

Bint Wete

La karafuu, hapana! Karafuu za mkulima zinauzwa ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Mkikamatwa bandarini na kilo za karafuu ni magendo, hawatauliza kama ni za kwaya. Anunue vile vipakiti vya viungo vilivyofungwa dukani, hivyo havina neno. Kwaya wagawane.

Mwanamwani

Na mkipata nafasi siku ya kurudi, piteni Jambiani tunywe chai. Nimeshamzoea mama yenu kabla sijamwona.

Nahodha Mstaafu

Nilisahau. Kwenye boti mkae nyuma, chini, katikati, si mbele wala juu. Asubuhi hiyo ale mkate mkavu na chai ya tangawizi. Akiomba supu na chapati, mnyime.