Nikifungua msimbo wangu kwa leseni huria, nitakula nini?

mwalo_kirumba: Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaandika na kuuza programu ambayo wachuuzi wa dagaa hapa mwalo wa Kirumba huitumia kuandika uzito wa magunia na fedha walizowatangulizia wenye mitumbwi. Mteja mmoja wa Ukerewe anataka kuiweka kwenye kompyuta zake zote, ila kwa sharti kwamba nimpe msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) chini ya leseni huria, yaani ruhusa ya kuutumia, kuubadili na kuugawa, kwa kuwa anahofia kukwama siku nikihama au nikifa. Hofu yake naielewa. Yangu ni kwamba yeyote atakayeupata ataweza kuuza kwa nusu ya bei yangu. Niongeze kwamba ndani yake nimetumia maktaba moja (kipande cha programu kilichoandikwa na wengine) yenye leseni huria ya GPL.

fundi_nyakato: Hilo la mwisho ndilo ungeanza nalo. Ikiwa maktaba hiyo imeungwa ndani ya programu unayowakabidhi wateja, basi kwa jinsi Free Software Foundation, taasisi iliyoiandika GPL, inavyoisoma, wateja hao tayari wana haki ya kupata msimbo wote. GPL haikukatazi kuuza, hata kwa bei kubwa. Inakukataza kumzuia aliyenunua asimpe mwingine. Kama hutaki hivyo, iondoe, utafute nyingine yenye leseni ya MIT, ambayo ni huria lakini haikulazimishi kufungua msimbo wako.

binti_igogo: Watu hupenda kutaja kampuni ya programu ya Red Hat, iliyonunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34, ingawa programu zake ni huria. Sisi hatuna wateja wa namna hiyo. Hata hivyo, katika kazi yangu ya kuhudumia mizani na printa, sijaona mchuuzi anayeuliza msimbo uko wapi. Anauliza kama nitafika saa kumi na moja alfajiri mashine ikigoma. Lipisha huduma, tena ulipishe kwa giza (kipindi cha usiku usio na mbalamwezi) badala ya mwezi wa kalenda, maana mbalamwezi ikikolea mitumbwi hailali ziwani na fedha haipo.

mzee_wa_capri: Binti anasema kweli, lakini mimi nimeumia. Niliitoa programu yangu kwa MIT. Kampuni moja ikafuta jina langu na kuwauzia wateja wangu mwenyewe. Kuuza waliruhusiwa, kufuta tangazo la hakimiliki hawakuruhusiwa, na ubishi wangu uliishia hapo. Hata wakubwa wameyaonja: kampuni ya programu ya Elastic iliacha leseni yake huria mwaka 2021 ikiwaogopa wenye seva za kukodisha wanaoiuza programu yake kama huduma, kisha mwaka 2024 ikaongeza AGPL, leseni huria ya ukoo wa GPL inayowabana pia wanaoitoa programu kupitia mtandao. Ningekuwa wewe, ningefanya kama wenye MySQL, programu ya hifadhidata: GPL kwa anayekubali masharti yake, na leseni ya kulipia kwa asiyetaka kufungua kazi yake. Njia hiyo inahitaji hakimiliki yote iwe yako, kwa hiyo maktaba ile itoke kwanza.

mwalo_kirumba: Nashukuru, mzee wangu, nanyi wengine. Maktaba naiondoa. Nimempigia mteja nikamweleza habari ya leseni mbili na malipo ya huduma kwa kila giza, naye amekubali msimbo wa GPL bila ubishi. Kilichomsumbua ni kama nitavuka kwenda Ukerewe mashine ikigoma wakati wa mbalamwezi, ambapo hatakuwa amelipa. Bado sijamjibu.