Ukoo wa Bibi: wapi Agosti?

Rehema (Maryland): Assalaam alaykum wote. Jamani leo tulimalize hili la Agosti, maana wiki yangu ya taimshea, ile haki yangu ya kukaa wiki moja rizoti ya Massanutten kule Virginia, nimeshaiweka RCI, wale wa kubadilishana wiki za rizoti, toka mwaka jana, ipo tu inasubiri kubadilishwa, na kila nikifungua naona nafasi zinazidi kupungua. Mama kasema anataka bahari na anataka awaone wote mahali pamoja. Haya semeni, kisiwa gani cha Karibi?

Salim (Houston): Waalaykum salaam dada. Mi kura yangu Punta Cana, kule Jamhuri ya Dominika. Ol-inklusivu, yaani chakula na vinywaji vyote kwa malipo ya pamoja, unavaa bangili mkononi unakula mpaka uchoke, hakuna mtu kuosha sufuria.

Khamis (Minneapolis): ST MAARTEN 🙏🙏 mama mkubwa tafadhali, Maho Beach ndege zinapita juu ya kichwa chako kabisaaa unasimama kwenye mchanga na ndege inatua nyuma yako

Mwanaidi (Minneapolis): Khamis shikamoo zimeisha?

Khamis: Shikamooni wote 😅 samahani mama. Lakini Maho

Rehema: Marahaba mwanangu. Nakuja kwenye Maho, subiri.

Salim, Punta Cana niliiangalia ya kwanza kabisa kwa sababu yako. Wiki zipo tele, mpaka vyumba viwili. Sasa fungua maelezo yote soma mpaka chini, kule kwenye taarifa muhimu ambako watu hawafiki, imeandikwa ol-inklusivu ni ya LAZIMA, kila mtu mzima analipa kwa siku na watoto wana bei yao, na unalipa hukohuko ukifika. Yaani nimetoa wiki yangu, nimelipa ada ya mwaka, nimelipa ada ya kubadilisha, halafu naanza upya kulipa kichwa kwa kichwa kwa watu sita siku saba. Hapo ni afadhali ningenunua tu pakeji ya kawaida wiki yangu nikabaki nayo.

Salim: Kwani zote ziko hivyo?

Rehema: Siyo zote, kuna za hiari na kuna ambazo hazina kabisa. Ila kule Punta Cana na Mexico utazikuta nyingi za lazima. Ndo maana nasema kabla hujasema ndiyo soma ada za lazima kwanza, picha za bwawa baadaye.

Na lingine, mama ana sukari. Anakula kwa saa zake, anakula chakula anachokijua. Bufee ya watu wengine saa wanazotaka wao haimfai. Nataka jiko kamili, jiko la kupikia lenye oveni na friji kubwa. Ukiona wameandika jiko dogo ujue ni maikrowevu na sinki basi.

Mwanaidi: Hapo kwa mama nakuunga mkono mia kwa mia. Mi napika, nishasema mapema.

Asha (Toronto): Shikamoo shangazi, shikamoo baba, shikamoo shangazi Mwanaidi. Nimechelewa mtoto alikuwa hataki kulala. Na sisi tumo ama? Tuko watu watatu na mdogo

Rehema: Marahaba Asha, mnamo tena sana, nakuja kwenu pia.

Khamis sasa. Mwanangu St Maarten ni nzuri, sina neno baya juu yake, na Simpson Bay pale kuna taimshea za kutosha tu za kubadilishana. Tatizo ni Agosti. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni mpaka 30 Novemba na unachacha kuanzia katikati ya Agosti mpaka Septemba huko. Kimbunga Irma kilipiga St Maarten tarehe 6 Septemba 2017 kikiwa daraja la 5, lile kali kuliko yote, mpaka jengo la abiria la uwanja huohuo unaoutaka wewe liliharibika vibaya, na kuna hoteli zilichukua miaka kurudi. Wameshajenga, maisha yanaendelea, lakini mimi simpeleki mama yangu mwenye fimbo kwenye kisiwa ambacho huenda siku ya tatu tukaambiwa tuhame. Nyie mnafunga shule mnafungua baada ya Labor Day, ile sikukuu ya wafanyakazi mwanzo wa Septemba, kwa hiyo Agosti ndo mwezi tulio nao. Tunachagua kisiwa cha Agosti. Mwezi wa pili ingekuwa kikao kingine.

Salim: Jamaica je? Pasi ya Tanzania unaingia bila viza

Rehema: Najua, ila ni njia ileile ya vimbunga. Melissa ya Oktoba 2025 iliwakuta upande wa magharibi daraja la 5, watu bado wanajenga nyumba zao Mungu awape nguvu. Na usiseme ah Agosti mapema hakuna kitu, Beryl 2024 iliipiga Carriacou kule Grenada tarehe 1 Julai, msimu ndo kwanza una mwezi mmoja.

Asha: Kwa hiyo tunabaki na wapi, visiwa vyote si viko hukohuko

Rehema: Aruba.

Salim: Ile ya Waholanzi?

Rehema: Hiyohiyo, iko ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Chukua ramani tazama, iko chini kabisa nyuzi 12 kaskazini, Venezuela iko hapo kama kilomita 30 hivi, yaani karibu kuliko Tanga na Pemba. Vimbunga vingi vinapita kaskazini yake vikielekea huko juu. Sisemi haiwezekani kabisa, mawimbi na mvua za pembeni zinaweza kufika, ila kwa Agosti ndo kisiwa ambacho moyo wangu unatulia.

Halafu kuna huu mwani wa kahawia, sargasamu, unaotoka Atlantiki kila mwaka miezi ya joto unajazana ufukweni ukioza unanuka yai viza. Unapiga zaidi fukwe zinazotazama mashariki, na Punta Cana inatazama mashariki. Aruba fukwe za hoteli ziko magharibi, upepo unavuma kutoka mashariki unavuka kisiwa unasukuma vitu baharini, ndo maana maji pale yametulia. Mama anaweza kuingia mpaka kiunoni akasimama bila wimbi kumwangusha. Upande wa mashariki wa kisiwa hichohicho bahari inapasuka kwenye mawe, huogelei.

Mwanaidi: Upepo ni mkali ama wa kawaida? Mama na kichwa chake

Rehema: Ni mkali na ni wa kila siku, tusidanganyane. Kule kuna mti wao unaitwa divi-divi umepinda wote upande mmoja kwa ajili ya huo upepo. Atafunga mtandio vizuri. Bila huo upepo joto la Agosti lingetuua maana mvua kule chache, ni kisiwa cha mipungate. Maji ya bomba unakunywa, wanasafisha ya bahari, kwa hiyo tusibebe makatoni ya chupa.

Khamis: kuna ndege zinapita juu?

Rehema: Hazipiti juu ya kichwa 😊 ila kuna Baby Beach kule San Nicolas kusini kabisa, maji kama bwawa, unavaa miwani unaona samaki. Na hifadhi ya Arikok ina mapango. Nakuahidi hutakaa ndani.

Khamis: sawa mama mkubwa. nimekubali kwa ajili ya bibi

Salim: Haya na makaratasi? Mama ana pasipoti ya Tanzania na grinikadi. Nisije nikafika uwanjani tukaanza kulia.

Rehema: Swali zuri ndugu yangu. Aruba mwenye ukaazi halali wa Marekani haombi viza, anakwenda na pasipoti iliyo hai na grinikadi yenyewe mkononi, siyo kopi. Asha nyie mna pasipoti za Kanada hamna shida. Halafu wote tunajaza fomu yao ya kuingia mtandaoni, inaitwa ED Card, ndani ya siku 7 kabla ya kusafiri, na kila mwenye miaka 8 kwenda juu anayeingia kwa ndege analipa dola 20 hapohapo mtandaoni. Nuru wa Mwanaidi na mtoto wa Asha hawalipi, bado wadogo. Jazeni kwenye tovuti ya serikali yenyewe, kuna vitovuti vya wajanja vinachaji juu.

Na kurudi, sisi wa Marekani tunakaguliwa hukohuko Aruba kabla ya kupanda, uhamiaji wa Marekani wapo palepale uwanjani. Raha yake ukifika Baltimore unatoka tu na begi lako. Karaha yake ni foleni, hasa Jumamosi ambayo rizoti nyingi zinabadilisha wageni. Tunatoka hotelini masaa matatu na ushee kabla ya ndege kuruka na mama tunamwombea kiti cha magurudumu toka siku ya kukata tiketi.

Mwanaidi: Rizoti gani sasa

Rehema: Hapa ndo nimekaa usiku na miwani. Aruba kuna sehemu kubwa mbili, Palm Beach na Eagle Beach. Palm Beach ni maghorofa marefu, maduka, muziki, watu wengi. Eagle Beach majengo mafupi, ufukwe mpana, kimya zaidi. Kwa mama ni Eagle.

Eagle nimeona mbili. Costa Linda, iko juu ya ufukwe wenyewe, unatoka mlangoni uko kwenye mchanga, na zote ni za vyumba viwili au vitatu. La Cabana nayo nzuri ila iko ng'ambo ya barabara, kila mkienda baharini mnavuka Irausquin Boulevard na magari yanapita. Kwa kijana si kitu. Kwa mama na fimbo na kiti cha plastiki na Nuru anayekimbia, kila siku asubuhi na jioni, hapana. Kwa hiyo Costa Linda ya kwanza.

Salim: Na sisi sita tunaenea?

Rehema: Kwenye orodha utaona namba mbili, mfano 6/4. Ya kwanza ndo idadi ya mwisho ya watu, wakizidi wanaweza kuwakatalia mlangoni. Ya pili ni wanaolala kwa faragha, maana yake wawili waliobaki wako kwenye kochi la kukunjua sebuleni. Mama na mimi chumba kimoja, Mwanaidi na Nuru kimoja, Salim na Khamis sebuleni.

Salim: Mgongo wangu dada 😩 basi kwa mama sina ubishi. Wifi yenu ana kazi Agosti yote hataweza, mnajua.

Asha: Na sisi shangazi?

Rehema: Nyie hatuwabananishi na mtoto. Wiki moja inatoa yuniti moja tu, yaani nyumba moja ya rizoti, kwa hiyo ya kwenu tunaitafuta kwa fedha. RCI hiyohiyo inauza wiki zilizobaki kwa wanachama bila kutoa wiki yako, na Agosti huwa zinapatikana kwa sababu si msimu wao mkubwa, wao msimu ni Desemba mpaka Aprili. Nikiipata La Cabana chumba kimoja mko ng'ambo tu, mnakuja kula kwetu. Ila yuniti ikiwa kwa jina langu na mimi silali humo, lazima ninunue cheti cha mgeni kwa jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Bila hicho mapokezi hawakupi ufunguo.

Asha: Cheti nalipa mimi na chumba nalipa mimi, hilo lisijadiliwe shangazi.

Mwanaidi: Mama kanipigia sasa hivi, nimemsomea yote. Kasema hivi, naandika maneno yake: "Mimi ngazi siwezi. Na samaki je, yupo samaki wa kweli?"

Rehema: Mwambie lifti ipo, na bado nitawaandikia watupe chini. Na samaki mwambie hivi. Kuna kijiji Savaneta, kuna mahali panaitwa Zeerovers, ni gatini kabisa, boti za wavuvi zinafunga hapohapo. Unapanga foleni dirishani unachagua samaki aliyevuliwa, wanapima kwa uzito, wanakaanga mzimamzima unaletewa kwenye kikapu na ndizi za kukaanga na pan bati, mkate wao bapa, unakaa kwenye meza ya mbao miguu karibu na maji unakula kwa mkono. Na wana ugali wao wa sembe unaitwa funchi.

Mwanaidi: Nimemwambia. Kanyamaza kidogo halafu kauliza "wanakula ugali?" Nikasema ndiyo mama. Kasema basi twendeni huko.

Salim: Imeisha hiyo 😂 Aruba.

Khamis: Aruba ✈️

Rehema: Alhamdulillah. Naweka ombi usiku huu, linatafuta lenyewe mpaka lipate. Nimeweka kuingia kati ya 1 na 8 Agosti, vyumba viwili, Eagle Beach tu. Msiniambie niongeze na kisiwa kingine kwa kujaribu bahati, maana likikubali limekubali na kufuta kuna gharama.

Tiketi MSIKATE mpaka nitume uthibitisho hapa. Narudia Salim, msikate.

Salim: Nimesikia dada

Rehema: Na tukifika, pale mapokezi kuna meza ya pili, watawaita kwa tabasamu wawape zawadi au punguzo la gari mkahudhurie kikao chao cha dakika tisini. Ni watu wa kuuza taimshea. Semeni asante hapana, mpite. Asubuhi ya kwanza ni ya mama na bahari yake, haikai mtu kwenye kikao.

Asha: Shangazi gari tunakodi ngapi?

Rehema: Moja kubwa inatosha, teksi zao zina bei za kupangwa hakuna mita, kwa hiyo siku ya uwanja wa ndege nyie chukueni teksi. Leteni picha za ukurasa wa pasipoti kwangu inboksi, siyo hapa kwenye kikundi. Mwanaidi angalia ya Nuru, za watoto zinaisha baada ya miaka 5.

Mwanaidi: Inaisha mwezi wa sita 😳 kesho naenda posta.