Tupeane uzoefu: mliowahi kuwatembelea wanyama waliookolewa, mliona nini?

Habari za jioni wanajamvi. Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa miaka saba kituo cha Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kuwaona watoto wa tembo waliobaki yatima. Miaka kumi na tisa nakaa Nairobi, sikuwahi kufika. Wageni huingia saa tano asubuhi kwa muda wa saa moja tu, na lazima uweke nafasi mapema. Tembo walitoka kichakani mbio, masikio wazi, kila mmoja akiifuata chupa yake. Wakishashiba wanajigaragaza kwenye tope jekundu.

Lakini kilichonikaa moyoni ni walezi. Usiku mlezi analala banda moja na mtoto wa tembo, na kila baada ya saa tatu anaamka kumnyonyesha chupa. Tena wanabadilishana mabanda, mtoto asije akamganda mtu mmoja halafu akadhoofika kwa majonzi siku mtu huyo akienda likizo. Na mimi mzaliwa wa Lamu nilisisimka kusikia habari ya maziwa. Ya ng'ombe hayamfai, mafuta yake yanamdhuru. Marehemu Daphne Sheldrick alihangaika miaka na miaka hadi akaona mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribiana na ya mama yake.

Haya, nanyi simulieni.

Mtu wa Namunyak:
Kwetu Samburu kuna Reteti, kituo cha watoto wa tembo yatima, kimefunguliwa 2016, na ni mali ya jamii yenyewe. Walezi ni vijana wetu, wanaume kwa wanawake. Huko wanatumia maziwa ya mbuzi, na shangazi yangu ni mmoja wa akina mama wanaoyauza.

Niseme ukweli, nilipokuwa mdogo tembo tulimchukia. Kiangazi sisi huchimba visima kwenye mchanga wa mto uliokauka, naye anakuja usiku kutafuta maji. Mtoto wake akitumbukia, asubuhi mnakuta kelele na maji yamechafuka. Siku hizi anayemkuta anapiga simu. Kwanza wanajaribu kumrudisha kwa mama yake. Wakishindwa ndipo wanamchukua. Nilipokwenda nilimkuta mmoja amefunikwa blanketi kama mtoto wa mtu.

Mtoto wa mvuvi, Nungwi:
Assalaam alaykum. Hapa kwetu Mnarani pana bwawa la maji ya bahari, linajaa na kupwa pamoja na bahari, na tangu 1993 wanatunzwa humo kasa. Babu yangu, Mungu amrehemu, zama zake kasa akinasa nyavuni ni kitoweo, hakuna mjadala. Baba yangu ndiye aliyeanza kuwapeleka bwawani. Nikimfuata nyuma nimeshika mwani, na nakumbuka mdomo wa kasa ulivyokuwa mgumu ukigonga vidole vyangu. Kisha huja siku wanarudishwa baharini, na mji mzima uko pwani.

Nina neno moja kwa wageni. Kuna mahali pengine nilipopita, sipataji, watu wamejazana majini, wamejipaka mafuta ya jua, wanawang'ang'ania kasa magamba wapigwe picha. Nilitoka. Mnyama aliyeokolewa kwenye nyavu hakuokolewa ili ashikwe na mikono mingine. Tazameni, walisheni mkiruhusiwa, basi.

Mwalimu, Nanyuki:
Hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta, 2022. Najin na bintiye Fatu, faru weupe wa kaskazini, wawili tu waliosalia duniani. Sudan, baba yake Najin, alikufa Machi 2018. Nilijiandaa kulia, ila Fatu alikuwa anakula nyasi tu, unasikia kabisa anavyozikata. Mlinzi akamwita kwa jina, akageuza sikio moja. Wanafunzi wangu arobaini walinyamaza bila kuambiwa. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana. Mwalimu, umenifanya niweke simu chini kidogo. Mtu wa Namunyak, nimemsomea mwanangu habari zako, naye anauliza: shangazi anawajua tembo kwa majina?

Mtu wa Namunyak:
Mwambie anawajua. Akifika na mtungi wake huuliza kwanza nani amekunywa vizuri na nani amekataa chupa. Hela ya maziwa anaiulizia mwisho.