Fundi wa dau Mikindani: nimekropu kupita kiasi, au rangi ndiyo tatizo?

Karani wa Ghala

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnikosoe picha moja, na msinionee haya. Mimi si mpigapicha wa kulipwa. Ni karani wa ghala la korosho, na kwa sasa msimu haujafunguliwa, ghala liko kimya. Kwa hiyo Jumapili asubuhi nateremka Mikindani na Canon 1200D ya mtumba, lenzi ni ile ile ya 18-55 iliyokuja nayo.

Picha yenyewe: fundi anakalafati dau ufukweni, yaani anaziba nafasi za mbao kwa pamba, saa moja asubuhi, jua limetoka upande wa maji na linampiga ubavuni. Mkono mmoja ana bonge la pamba, mwingine nyundo. Nyuma yake, juu kilimani, linaonekana lile Boma la Mjerumani la 1895, jeupe katikati ya miti. Mbele mchangani kuna dumu la njano lililokatwa mdomo, na kulia kabisa mtu kaegesha pikipiki.

Nimeweka mbili. A ni nzima, sijaigusa. B nimekropu mraba, uso na mikono tu. Pikipiki nje, dumu nje, Boma nje, na omo ya dau, ile ncha ya mbele, nayo nje kwa sababu ilikuwa inavuta jicho pembeni. Kisha programu ya Snapseed: nimepandisha joto, nimepandisha ukolezi wa rangi, nikaweka HDR kidogo ili mikunjo ya mikono itokeze. Nilikuwa naitafuta dhahabu ya asubuhi.

Kwenye makundi ya WhatsApp wote wanasema "kali sana", jambo ambalo halinisaidii chochote. Mke wangu ndiye aliyetazama kidogo akauliza: "Huyu mzee ni bibi harusi? Mbona kapakwa singo ya manjano?"

Sasa, mraba umembana sana? Na rangi niirudishe hadi wapi? Jueni pia kwamba fundi mwenyewe ameomba picha ya kutundika ukutani na nimemuahidi. Hii itachapwa, haiishii kwenye simu.

Kijana wa Ligula

B ni moto mkuu, A imepoa. Ila cheki simu yako, huenda umewasha ile ya kukinga macho usiku. Skrini inakuwa ya njano, ndiyo maana rangi zimekuvuruga.

Bi Picha, Lindi

Mdogo wangu wa Ligula, hapo umekwenda kinyume. Skrini ikiwa ya njano, mtu huona picha imezidi njano, akaivuta kwenye bluu. Kulipokucha angemkuta mzee wa bluu. Huyu kaka kaongeza njano, kwa hiyo sababu iko kwingine. Jicho likikitumbulia kitu cha njano kwa muda hukizoea, likaona hiyo ndiyo kawaida, na kidole kikaongeza tena. Ukishaediti lala, kisha itazame picha asubuhi kabla hujagusa kitu.

Kaka karani, usiipimie rangi usoni, ipimie kwenye pamba. Pamba unajua ni nyeupe, na inapigwa na jua lile lile linalompiga yeye. Kwenye A ina umanjano mwembamba, na ndivyo inavyotakiwa, maana jua la saa moja lenyewe lina joto. Kwenye B pamba imekuwa ya machungwa. Rudisha joto mpaka uione pamba ya asubuhi, halafu simama hapo. Usiifukuzie mpaka iwe nyeupe pe, utakuwa umeihamishia picha saa sita mchana.

Ngozi sasa. Ngozi zetu kwenye hizi programu zinaangukia karibu zote kwenye chungwa, na mbao za dau ziko humo humo. Ukipandisha ukolezi wa picha nzima, mzee na dau vinawaka pamoja, mtu hajitengi na mbao. Mimi napiga harusi huku Lindi na sigusi ukolezi wa jumla penye uso mweusi. Nashusha chungwa kidogo, kisha nainua mwanga wa chungwa hiyo hiyo kidogo. Lightroom ya simu inakutenganishia rangi moja moja.

HDR iondoe yote. Imezungusha ukingo mweupe kwenye kofia na imemwongezea mzee miaka ambayo hana.

Na siku nyingine piga RAW, faili ghafi la kamera. JPEG, faili la kawaida la picha, ina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya 1200D ni biti 14, yaani ngazi 16,384. Ukivuta joto kwa nguvu kwenye JPEG, anga linakatika mistari mistari. Tazama juu ya bega lake kwenye B, imeshaanza.

Karani wa Ghala

Dada asante, hilo la pamba nalichukua kama lilivyo. HDR imekwenda.

Kwenye kropu bado nabisha. Mimi nataka Mikindani ya zamani, ile ya nyumba za mawe ya matumbawe, aliyopita Livingstone mwaka 1866. Pikipiki na dumu la plastiki vinaingiaje humo?

Mzee wa Chumba cha Giza

Salaam kwenu. Mimi nilichapa picha Mtwara mjini enzi za filamu. Siku hizi natazama za wenzangu tu.

Pikipiki kata, haina kazi pale na mwenyewe hayupo. Dumu usiliguse. Ulilitazama vizuri? Limekatwa mdomo kwa sababu ndilo upo wake, la kufulia maji. Baba zetu walichonga upo wa mti, yeye kakata dumu. Dau linakalafatiwa kwa kuwa linavuja, na kwenye picha yako kinachosema dau linavuja ni dumu hilo peke yake. Wewe umeliona takataka. Mvuvi yeyote ataliangalia kabla ya uso. Kama njano yake inapiga kelele, shusha njano peke yake, usikate kitu kizima.

Halafu unamkatiaje fundi wa dau omo? Kaomba ya kutundika ukutani. Mgeni akija ataonyeshwa dau, siyo mikunjo ya vidole. Mraba wako una mzee mwenye nyundo, na kwa jinsi ulivyombana anaweza kuwa anapigilia kitanda.

Boma ningelikata. Ni dogo, jeupe, liko kona ya juu, jicho linapanda kilimani na kumwacha mtu anafanya kazi. Mtu wa Dar lingemwambia hapa ni Mikindani. Fundi anajua alipo.

Tulikuwa na vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa umbo la L. Unavipishanisha juu ya chapa, unapata dirisha, unalisogeza na kulipanua mpaka ukifika mahali ambapo ukiondoa kidogo tu picha inapoteza kitu. Hapo unaweka alama ya penseli. Kwenye simu mnaburuta kidole, sawa, lakini mnaanzia ndani kwenda nje. Anza na picha nzima, kata upande mmoja mmoja, na kila upande ujieleze kwa nini unaondoka.

Kabla ya hayo yote, nyoosha maji. Mstari wa bahari umelalia kushoto. Ukizungusha picha pembe zinaliwa, kwa hiyo zungusha kwanza ndipo ukropu.

Bi Picha, Lindi

Namuunga mkono mzee kwenye omo, na naongeza hesabu. Kamera yako inatoa pikseli 5184 kwa 3456. Mraba wa B nimeupima, una kama 1700 kila upande. Ukichapa kwa pikseli 300 kila inchi hiyo haifiki hata inchi 6. Ya albamu sawa, ya ukutani hapana. Ukikata pikipiki na Boma ukabaki na uwiano wa 3:2, tuseme 4200 kwa 2800, inchi 12 kwa 8 inatoka safi.

Dumu mimi ningelitoa, lakini sijui madau, kwa hiyo nanyamaza.

Kijana wa Ligula

Mimi bado B. Watu wanascroll, hakuna anayesimama kuangalia dumu.

Karani wa Ghala

Shikamoo mzee wangu. Nimeifungua A tena nikaikuza, kweli ndani ya dumu kuna maji. Linabaki. Omo inarudi pia.

Boma nitakutii nusu. Nakala ya fundi nitalikata, yangu ya nyumbani nalibakiza, mimi ndiye niliyepiga kona ile makusudi. Ligula, B itakwenda kwenye simu za watu kama wewe, ila kwa rangi za A.

La mwisho: niombe 8 kwa 12 au A4 inatosha?

Mzee wa Chumba cha Giza

Marahaba mwanangu. Omba 8 kwa 12. A4 ni fupi zaidi kwa uwiano, watakukata kwenye ncha za urefu, na cha kwanza kuondoka ni omo uliyoirudisha sasa hivi. Faili lipeleke kwa flashi, WhatsApp inabana picha. Mwambie kijana wa mashine azime marekebisho ya rangi ya kiotomatiki, maana mashine ikikutana na joto la asubuhi huliona kosa na kulisafisha. Atoe kwanza ndogo ya 4 kwa 6. Toka nayo nje, itazame kivulini mchana, siyo chini ya taa ya dukani, ndipo umruhusu achape kubwa.