Wget inaanza upya kila umeme ukikatika

Swali: Habari wakuu. Nipo Sumbawanga, napakua faili la DVD ya Debian (mfumo endeshi wa kompyuta), GB 3.7, kwa wget, programu ya kupakua kwa kuandika amri. Jana limefika GB 2.9, umeme ukakata. Nimerudia amri ileile, ikaanza sifuri na kufungua faili jingine lenye .1 mwishoni. Bando linaisha, nisaidieni.

Jibu: Pole mkuu. Lile la kwanza usiliguse! Futa lenye .1, ingia folda ileile, andika wget -c kisha anwani. Kwa curl, programu nyingine ya kupakua, ni curl -C - -O kisha anwani. Programu inahesabu baiti ulizonazo na kuomba zilizobaki kupitia Range, sehemu ya ombi inayotaja baiti zinazotakiwa. Seva ikikubali hujibu kwa namba 206, yaani inatuma sehemu tu ya faili. Ikijibu 200, inakutumia faili zima tangu mwanzo.

Jibu: Naongezea. Kama faili limebadilishwa kwenye seva katikati, utaunga vipande visivyoendana na hutaonyeshwa kosa lolote. Yalinikuta, nikapoteza siku mbili nikilaumu flashi. Piga sha256sum, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, linganisha na SHA256SUMS, orodha ya alama sahihi inayotolewa na Debian.

Muuliza: Imeendelea pale pale kwenye 2.9! Sha256sum nayo imelingana. Asanteni sana, nimeokoa bando.