Kuloweka mbegu kabla ya kupanda: maji matupu, homoni au mlonge?

Mgogo_wa_Kongwa: Wakuu, nina eka mbili za mahindi, mbegu nimechagua mwenyewe ghalani. Mvua zetu mnazijua, inapiga siku mbili halafu inapotea. Nataka zichipue haraka. Niloweke kwa maji tu, ninunue ile homoni ya jibereliki asidi, au nikamue mlonge?

MamaShamba: Anza na maji, mwanangu. Loweka jioni, asubuhi chuja, anika kivulini mpaka zisigandane mkononi, panda siku hiyohiyo. Masaa 12 yanatosha, usivuke 18. Mwaka mmoja nililoweka nikaitwa msibani, kurudi mizizi imeshachomoza. Wakati wa kufukia ikavunjika karibu yote.

Fundi_Mbegu: Maji sawa, lakini homoni nayo inafanya kazi. Jibereliki ndiyo inayoamsha kimeng'enya cha kugeuza wanga wa punje kuwa sukari, na kiini kinakula hapo. Kwa mbegu iliyokaa sana au yenye usingizi (hai ila haitaki kuchipua) utaona faida. Shida ni dozi: wengi hutumia miligramu 50 hadi 100 kwa lita, na mzani wa dukani haupimi hivyo. Unga wake ni mgumu kuyeyuka majini, uanzishe na spiriti kidogo. Ukizidisha, mche unarefuka shina uzi, upepo ukija umelala. Ndivyo homoni yenyewe ilivyojulikana: mwaka 1926 mtafiti Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kuwa kuna kitu kinachotolewa na kuvu kinachorefusha mpunga hovyo.

Mlonge_Tu: Mkuu, gharama zote hizo za nini? Majani machanga ya mlonge yana zeatini, homoni ya kugawanya seli. Twanga, kamua, chuja kwa kitambaa, kipimo kimoja kwa 30 vya maji. Tumia siku hiyohiyo, ikilala inachacha.

Pangani_Boy: Na dafu lina homoni za jamii hiyo. Ila huku dafu tunakunywa 😂

MamaShamba: Mlonge nilijaribu, mstari kwa mstari na maji. Vyote vilitangulia zile kavu. Kati yao, kwa macho yangu, sikuona aliyeshinda.

Mgogo_wa_Kongwa: Je, za paketi, zile nyekundu?

Fundi_Mbegu: Hizo acha! Zimepakwa dawa. Ukiloweka, dawa inabaki kwenye ndoo, na kuku wako wanaijua ndoo hiyo.

Mgogo_wa_Kongwa: Basi maji, na mistari miwili ya mlonge. Jana imenyesha, udongo umeshika. Nimeloweka kilo tano sasa hivi, saa kumi na moja jioni. Simu nimeiwekea alamu, na mke wangu nimemwambia pia.