Gadenia ya Mama Salma

Mama Salma: Majirani habari za asubuhi. Gadenia yangu imejaa matumba lakini yanadondoka kabla ya kufunguka, na majani machanga yanageuka manjano. Nifanyeje?

Baba Neema: Njema, mama. Manjano jani zima, au mishipa bado ya kijani?

Mama Salma: Mishipa kijani kabisa. Tazama picha.

Baba Neema: Basi hapo inakosa madini ya chuma. Gadenia hutaka udongo wa tindikali, pH 5 hadi 6 hivi. Udongo au maji yakiwa na chokaa, chuma kinakuwemo ila mizizi haiwezi kukichukua. Mpe maji ya mvua, na mbolea ya mimea ya tindikali iliyo na chuma.

Rehema: Kumbe! Mimi ningezidisha maji tu.

Baba Neema: Usithubutu 🙏 mizizi itaoza.

Bi Zuhura: Na chungu kinakaa wapi?

Mama Salma: Shikamoo bibi. Watoto wamekihamishia sebuleni karibu na feni, wanataka harufu ijae ndani.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Ndiyo sababu ya matumba kudondoka. Gadenia ikishatunga matumba haitaki kuhamishwa, wala upepo mkavu. Irudishe palepale ilipokuwa, jua la asubuhi, mchana kivuli. Udongo uwe na unyevu, usituamishe maji. Na tumba likianza kujisokota jeupe, msiliguse. Ua lile ni laini mno, alama ya kidole hugeuka kahawia.

Rehema: Langu lilifunguka jeupe pe, baadaye likawa kama maziwa ya mtindi, sasa njano. Linaumwa?

Bi Zuhura: Haliumwi, linazeeka. Harufu bado ipo, si ndiyo?

Rehema: Ipo! Usiku ndiyo usiseme.

Juma: Hivi ni jamii ya asmini?

Baba Neema: Hapana, ni ukoo mmoja na mbuni, mti wa kahawa. Asili yake China na Japani. Jina limetokana na Alexander Garden, daktari wa Uskoti aliyeishi Charleston, Marekani, karne ya 18.

Mama Salma: Na masizi haya kwenye majani?

Bi Zuhura: Geuza jani, chini utawakuta wadudu gamba. Wanatoa utomvu mtamu, ukungu mweusi unaota juu yake. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie wiki ijayo.

Juma: Naomba kipandikizi, mama.

Bi Zuhura: Asubiri maua yaishe ndipo apogoe. Vijiti hivyo ndivyo utapewa.